Walisaini bila kuamua: kisa cha wadhamini watatu na mamlaka ya hiari

Kwa Kiswahili cha kila siku, mtu akikwambia "hiari yako" amekuachia ufanye upendavyo. Ukikataa, sawa, ukikubali, sawa, hakuna wa kukuuliza. Katika sheria na katika usimamizi wa fedha za watu, neno hilohilo hubeba mzigo mwingine kabisa, na kisa ninachokieleza hapa kilitokana na watu watatu waadilifu waliolisoma kwenye hati kwa maana ya mtaani.

Majina na viwango vya fedha nimeviondoa, na mambo machache yasiyobadilisha maana nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Mimi niliingia mwaka wa sita, nilipoombwa kupitia kumbukumbu za vikao. Yaliyotangulia nimeyajua kwa makaratasi na kwa kuwasikiliza wenyewe.

Amana, hati na watu wake

Mfanyabiashara mmoja, kabla ya kufariki, aliweka sehemu kubwa ya mali yake katika amana, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya watu wengine, wanaoitwa wanufaika. Wadhamini walikuwa watatu: mdogo wake, ambaye nitamwita Ami kama watoto walivyomwita, mhasibu aliyemtunzia vitabu kwa miaka mingi, na wakili aliyeiandika hati yenyewe. Wanufaika walikuwa watoto wake wanne na wajukuu wote, waliozaliwa na watakaozaliwa. Hakuna aliyepewa fungu maalumu. Hati ilisema wadhamini, "kwa hiari yao kamili", wanaweza kumlipa yeyote kati ya hao, kiasi chochote, wakati wowote, kutoka kwenye mapato au kwenye mtaji, na wanaweza vilevile wasimlipe.

Amana za namna hii ni za kawaida katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Mnufaika hawezi kusema "nipeni changu", kwa kuwa hana chake mpaka wadhamini waamue. Anachoweza kudai ni kufikiriwa: ombi lake lisikilizwe na hali yake ipimwe. Tafadhali ishike tofauti hiyo, kwa sababu kisa chote kimeegemea hapo.

Pamoja na hati kulikuwa na barua ya matakwa, kurasa mbili za mkono wa marehemu. Aliandika kwamba angependa watoto wasaidiwe "wasimame wenyewe" na kwamba mtaji "usiliwe ovyo". Barua kama hiyo haiwafungi wadhamini, lakini wakiipuuza kana kwamba haipo wamekosea.

Kulikuwa na hiari ya pili pia, na hii ndiyo husahaulika. Kwa kuwa wadhamini hawakuwa wajuzi wa masoko, fedha walizikabidhi kwa kampuni ya kusimamia uwekezaji chini ya mkataba wa mamlaka kamili. Msimamizi aliweza kununua na kuuza hisa na hatifungani bila kuomba ruhusa ya kila muamala, mradi abaki ndani ya mwongozo. Mwongozo wenyewe ulikuwa sentensi moja: ukuaji wa muda mrefu, hatari ya wastani.

Miaka mitano ya usawa

Mwaka wa kwanza wadhamini walikutana, wakatazama mapato, wakayagawa mafungu manne sawa kwa watoto wanne. Wajukuu hawakutajwa. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Kumbukumbu ya mwaka wa tatu ni nakala ya ile ya mwaka wa pili, neno kwa neno, hata kosa la tahajia limo. Mhasibu alinieleza bila kuficha: aliandaa karatasi, akazituma, wenzake wakasaini na kurudisha. Mwaka wa nne na wa tano hapakuwa na kikao.

Hakuna aliyelalamika. Dada mkubwa, mwenye kazi nzuri na nyumba yake, alipata sawa na kitindamimba aliyekuwa akihangaika na karakana ya ubia. Nilipowauliza wadhamini kwa nini sawa, Ami alijibu kwamba wote ni watoto wa ndugu yake. Ni jibu la mtu mwenye moyo safi. Lakini marehemu, kama angetaka mafungu manne sawa, alikuwa na wakili mezani. Angeandika mafungu manne sawa, na kazi ingeisha siku hiyo.

Ombi la kitindamimba

Mwaka wa sita mshirika wa kitindamimba katika karakana alitaka kujitoa, akampa miezi minne ya kununua hisa zake. Kitindamimba aliandika kwa wadhamini akiomba kiasi kilichokaribia sehemu moja ya tano ya amana yote. Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja, bila hesabu za biashara.

Ami aliipata kwanza. Bila kuwaita wenzake, alimjibu kwa mistari miwili: amana ina utaratibu wake, mtaji haugawiwi. Aliwapelekea wenzake nakala siku iliyofuata. Mhasibu aliisoma, akaiweka kwenye jalada. Wakili yeye anasema hakuifungua mpaka wiki ya tatu.

Ndani ya wiki hizohizo, mjukuu mmoja, mtoto wa yule wa pili, alihitaji upasuaji wa haraka. Mama yake alimpigia simu mhasibu usiku. Asubuhi fedha zilitoka, na zilitoka kwenye mtaji, kwa sababu mapato ya mwaka yalikuwa yameshagawiwa. Wenzake walijulishwa baadaye na wote wakasema amefanya vyema.

Habari hazikai ndani ya familia. Kitindamimba alipojua kwamba mtaji "usiogawiwa" ulikuwa umegawiwa, alimtafuta wakili wake. Barua ya wakili ilitaka mambo matatu: sababu za kukataliwa, kumbukumbu za vikao vyote, na maelezo ya uhusiano wa Ami na mteja wake. Hilo la tatu liliwashtua mhasibu na wakili wa amana, maana hawakujua kuna nini.

Kulikuwa na deni. Miaka kadhaa kabla ya hapo, Ami alimkopesha kitindamimba fedha zake binafsi za kuanzishia karakana ileile, na nusu ya deni haikuwa imelipwa. Walikuwa hawasemezani zaidi ya salamu. Ami hakuwahi kulitaja kwenye kikao, na alipoulizwa alisema hakuona linahusu nini.

Wadhamini wafanye nini sasa?

Hapa ndipo nilipoitwa. Mbele yao kulikuwa na njia tatu, na kila mmoja alikuwa na yake.

Ami alitaka wanyamaze. Hati inasema hiari kamili. Kwa nini wajieleze? Hakuwa mjinga kusema hivyo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Londonderry la 1965, ilikubali kwamba wadhamini wenye hiari kwa kawaida hawalazimiki kutoa sababu zao kwa wanufaika, wala kuonyesha karatasi zinazofichua sababu hizo. Hukumu ya 1877 katika shauri la Gisborne nayo ilisema kwamba, wadhamini wakipewa mamlaka yasiyodhibitiwa, mahakama haitaingilia uamuzi wao pasipo nia mbaya.

Wakili alitaka kinyume: watoe kila kitu, waombe radhi, walipe. Nadhani aliogopa jina lake kuhusishwa na kumbukumbu zile.

Mhasibu alitaka waungane nyuma ya jibu la Ami na kulitafutia sababu nzuri. Njia hii niliipinga kwa nguvu kuliko zote. Sababu inayotungwa baada ya uamuzi hugundulika kwa urahisi: tarehe zake hazilingani na chochote. Tena palikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwamba hapakuwa na uamuzi wa kuutetea. Wadhamini wa amana ya kifamilia, hati isiposema vinginevyo, huamua kwa kauli moja, na hati hii haikusema vinginevyo isipokuwa mmoja anapokuwa na mgongano wa maslahi, ambapo wawili waliobaki wanaweza kuendelea. Jibu la Ami lilikuwa barua ya mtu mmoja.

Walichokubaliana, baada ya vikao viwili virefu, ni hiki. Walimwandikia kitindamimba kwamba jibu la awali halikuwa uamuzi wa wadhamini na kwamba ombi lake litasikilizwa upya. Ami alitangaza deni lake kwa maandishi na akajitoa katika ombi hilo. Kumbukumbu za hesabu wakazitoa. Za majadiliano wakazizuia kwa wakati huo, wakijua kwamba tangu uamuzi wa Schmidt dhidi ya Rosewood wa 2003 katika Baraza la Faragha, mahakama ya London inayosikiliza rufani za mwisho za baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola, suala la karatasi za amana liko chini ya uangalizi wa mahakama, na mahakama ingeweza kuamuru vinginevyo. Kwa ukweli hapakuwa na majadiliano ya kuficha. Aibu ilikuwa kwamba hayapo.

Kisha mhasibu na wakili wakafanya kazi ambayo ingefanyika tangu siku ombi lilipofika. Waliomba hesabu za karakana za miaka mitatu. Waliwaandikia wanufaika wengine kuuliza hali zao na mahitaji wanayoyaona mbele. Waliisoma barua ya matakwa kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Wakauliza: kumsaidia huyu kununua hisa ni "kusimama mwenyewe" au ni kuula mtaji ovyo?

Hesabu zilionyesha karakana ina faida ndogo lakini ya kweli. Wakaamua kumpa theluthi mbili ya alichoomba, nusu yake kama msaada utakaokumbukwa katika maamuzi yajayo na nusu kama mkopo wenye dhamana ya hisa zenyewe. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa mshirika anayeuza.

Sharti hilo la mwisho lilihusu Ami, na watu wengi husahau upande wake wa pili. Chuki ilimvuta Ami akatae, ndiyo. Lakini deni lilimvuta akubali, kwa sababu kitindamimba akipata fedha angeweza kumlipa. Mamlaka yaliyotolewa kwa faida ya wanufaika yakitumika, hata kwa njia ya mzunguko, kumnufaisha mtu asiye mnufaika, sheria huyaita matumizi ya hila hata kama hakuna aliyeiba.

Fedha zilikuwa wapi?

Walipomwandikia msimamizi wa uwekezaji kutaka kiasi hicho, jibu lilikuwa zuri kwa lugha na baya kwa maana. Zaidi ya theluthi ya amana ilikuwa katika mfuko wa majengo uliokuwa umesimamisha kurejesha fedha kwa wawekezaji. Kilichobaki kilikuwa hasa hisa, na bei zilikuwa zimeshuka.

Mifuko ya aina hii ina udhaifu unaojulikana: huahidi kumrejeshea mwekezaji fedha zake upesi ilhali yenyewe inamiliki majengo yanayochukua miezi kuuzika. Watu wengi wakitaka kutoka kwa pamoja, mlango hufungwa. Ilitokea Uingereza Julai 2016, baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, ambapo mifuko kadhaa mikubwa ya majengo ilifunga kwa muda; ikatokea tena Machi 2020.

Je, msimamizi alikiuka mkataba? Nimeusoma mara nyingi na sioni alipokiuka. Aliambiwa ukuaji wa muda mrefu, akanunua vitu vya muda mrefu. Hakuna aliyemwambia kwamba amana hii inaweza kutakiwa kulipa upasuaji kesho asubuhi. Wadhamini walitumia hiari yao kwa kumwachia hiari, kisha wakasahau kwamba hizo hiari mbili zinakula kwenye sahani moja.

Waliuza hisa chache, wakalipa kwa awamu tatu.

Ilivyokuwa mwishoni

Tangu ombi la kwanza mpaka awamu ya mwisho ilipita miezi kumi na moja. Mshirika hakungoja yote. Sehemu ya hisa zake alimuuzia mtu mwingine, na kitindamimba leo ana wengi wa hisa lakini si zote. Shauri halikufika mahakamani. Dada mkubwa aliandika barua ya kulalamika kwamba usawa wa baba umevunjwa. Alijibiwa kwa heshima kwamba baba hakuuandika, na kwamba akiwa na hitaji milango iko wazi. Hakuridhika, na sidhani barua ingeweza kumridhisha.

Uchambuzi: kosa lilianza lini

Ukiwauliza wanafamilia, kosa ni barua ya Ami. Mimi naona lilianza mwaka wa kwanza. Kugawa sawa si kosa; wadhamini wangeweza kuwapima wanne wale na kuona kwamba mwaka huo usawa unafaa. Kosa ni kwamba hawakupima. Kutotumia hiari uliyopewa ni uvunjaji wa wajibu kama ilivyo kuitumia vibaya, na kwa uzoefu wangu ni uvunjaji wa kawaida zaidi, kwa sababu hauumi mtu mpaka siku anapotokea mwenye hitaji.

Kuna hukumu ya Uingereza ya 1984, shauri la Turner, inayofanana na miaka ile mitano kiasi cha kutisha. Wadhamini, watu wa familia wasiojua mambo ya amana, walisaini kwa miaka karatasi walizoletewa na mwanzilishi wa amana bila kujua kwamba uamuzi ni wao. Mahakama ilitengua ugawaji ule: kusaini hakukuwa kuamua. Wadhamini wetu hawakuwa na kisingizio hicho, kwani mmoja wao ndiye aliyeandika hati.

Kanuni ya "mtaji haugawiwi" ni kosa la jamaa moja na hilo. Mwenye hiari anaruhusiwa kujiwekea sera. Bila sera, maombi mengi yangeamuliwa kwa bahati. Asichoruhusiwa ni kuifanya sera kuwa ukuta. Katika sheria ya utawala jambo hili liliwekwa vizuri katika shauri la British Oxygen la 1971: mamlaka yanaweza kuwa na kanuni, mradi yasimzibie masikio mtu mwenye jambo jipya la kusema. Shauri lile lilihusu ruzuku za serikali, na hiari ya umma si ndugu pacha wa hiari ya mdhamini, lakini katika hili wanatembea pamoja.

Kuhusu upasuaji wa mjukuu, nitasema jambo ambalo halikupendwa nilipolisema kwenye kikao. Mhasibu alifanya uamuzi mwema kwa njia ileile mbovu aliyotumia Ami: mtu mmoja, bila wenzake, bila kuandika. Tumemsifu kwa sababu mtoto alipona. Dharura ni dharura, nakubali; dawa yake ni kukubaliana mapema kwamba kwa matibabu ya haraka simu kwa wadhamini wote inatosha, na kumbukumbu iandikwe ndani ya siku chache. Sasa wamefanya hivyo.

Deni la Ami linagusa kipimo kingine, cha mambo yanayopaswa kuingia kwenye mizani na yasiyopaswa. Shauri maarufu la Wednesbury la 1948 lilihusu ukumbi wa sinema na watoto siku ya Jumapili, lakini linakumbukwa kwa mfano wa mwalimu anayefukuzwa kazi kwa sababu nywele zake ni nyekundu. Watu huucheka mfano huo. Katika maisha ya kweli nywele nyekundu huja zimevaa kofia: deni la zamani, ugomvi wa harusi, mtu asiyepokea simu. Shauri la Klug la 1918 lilikuwa la namna hiyo: mama aliyekuwa mdhamini alimkatalia binti yake fedha kwa kuwa aliolewa bila ridhaa yake, na mahakama ikaingilia kati.

Duru ya pili ilifaulu kwa sehemu, na najilaumu kwa kile kilichokwama. Tuliomba hesabu za karakana kwa barua, tukangoja wiki sita, kumbe mhasibu angeweza kwenda akazisoma kwa siku moja. Miezi minne ya mshirika ilikuwa ikihesabika, nasi tulikuwa tukiandika kumbukumbu nzuri. Kupima kwa makini ni wajibu. Kupima mpaka ombi life ni namna nyingine ya kulikataa.

Upande wa uwekezaji, kipimo cha zamani bado kinafaa. Mwaka 1830 mahakama ya Massachusetts, katika shauri la Chuo cha Harvard dhidi ya Amory, ilisema mdhamini atazame jinsi watu wenye busara na akili wanavyosimamia mambo yao wenyewe. Mtu mwenye busara anayejua ana mgonjwa nyumbani hafungi fedha zote kwenye majengo. Sheria ya Wadhamini ya Uingereza ya 2000 inaruhusu kukabidhi uwekezaji kwa wengine lakini inataka pawe na maelezo ya sera kwa maandishi, na hairuhusu kukabidhi uamuzi wa nani apewe nini. Mwongozo wa sentensi moja ungetimiza sharti hilo kwa herufi tu. Mpya una kurasa tatu, na unataka sehemu maalumu ya amana ikae katika vitu vinavyouzika ndani ya wiki moja.

Je, uamuzi wa pili ungesimama kama dada mkubwa angeupeleka mahakamani? Naamini ungesimama. Tangu hukumu ya Pitt dhidi ya Holt ya 2013 katika Mahakama ya Juu ya Uingereza, uamuzi uliofanywa ndani ya mamlaka hautenguliwi kwa sababu tu wadhamini wangeweza kuamua vizuri zaidi. Lazima ionyeshwe kwamba walivunja wajibu wao katika kuufikia. Jaji hakai kwenye kiti cha mdhamini. Hapo Ami alikuwa sahihi tangu mwanzo: hiari kamili ni kinga kubwa, ila humkinga aliyeitumia.

Ami bado ni mdhamini. Kitindamimba alipomaliza kulipia hisa alimpigia simu kuuliza kuhusu lile deni la zamani, na Ami akamwambia hilo ni lao wawili, asiliandike kwenye barua ya amana. Mpaka nafunga jalada halikuwa limelipwa, na kila ombi la karakana linapokuja, Ami hutoka chumbani kabla halijasomwa.